Nauza Mustang ya marehemu baba, lakini si kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wako wa barua, na kama inawezekana usinikate katikati, juu haya maneno nimeyabeba tangu Januari na nikiyafupisha yatageuka kuwa tangazo la gari kama matangazo mengine. Ni kweli nauza gari. Nilishaweka tangazo kwa simu, mistari mitatu na picha nne, na watu walionipigia ndio wamenifanya nikae chini niandike.

Gari yenyewe ni Ford Mustang ya 1966, ile ya kufunguka juu, paa lake ni turubai. Ilikuwa ya marehemu baba. Watu wa rika langu hapa Section 58, Nakuru, wanaijua. Sisi watoto tulikuwa tunaiita Farasi kwa sababu ya yule farasi wa chuma anayekimbia pale mbele kwa grili, na Jumapili baba akiitoa tulikuwa tunaifuata mbio mpaka barabara kubwa. Baba alikuwa fundi wa matrekta kwa mashamba ya huko Njoro. Mwaka wa 1979 mzungu mmoja aliyekuwa anauza kila kitu arudi kwao alikuwa na deni la baba la kazi ya misimu miwili, sasa badala ya kumlipa pesa akampa gari na baba akaongezea kidogo juu. Mama alikasirika wiki nzima, yeye alikuwa anataka ng'ombe wa gredi. Lakini baada ya mwezi mmoja ni yeye alikuwa wa kwanza kukaa kiti cha mbele, leso imefungwa chini ya kidevu upepo usiichukue.

Baba alituacha 2014. Tuko wanne. Wale ambao hawajapitia hii njia niwaambie, gari ya marehemu huwezi kuiuza kwa kusema tu mimi ni mtoto wake. Logbuku iko kwa jina la marehemu, kwa hivyo lazima muende mahakamani mpewe hati ya kusimamia mali, itangazwe kwa Gazeti Rasmi la Serikali na watu wapewe siku 30 za kupinga, alafu mngoje ifike miezi sita ndio hati ithibitishwe, na hapo ndio unaweza kuingia kwa mtandao wa NTSA, wale wa kusajili magari, uanze transfa. Sisi ilichukua miaka kwa sababu ya kipande cha shamba, gari haikuwa na mgogoro. Sasa imeisha, hati tunayo mkononi, na ndugu zangu wanataka mgao wao. Siwalaumu hata kidogo. Dada yangu yuko Kisumu na ana watoto wawili chuo kikuu kwa mpigo, kaka yangu wa Eldoret anajenga, kitindamimba wetu yuko Nairobi na hana hata leseni ya kuendesha. Mimi ndiye niliyebaki na gari miaka yote hii na sina pesa ya kuwalipa wote watatu nibaki nayo. Kwa hivyo itauzwa, hapo sina ubishi na mtu.

Ubishi wangu ni inaenda kwa nani na inaenda kufanywa nini.

Mtu wa kwanza kunipigia alikuwa broka, akanipata hapo karibu na raundabauti ya KFA tukaja na yeye mpaka nyumbani. Nikafunua gari. Hakufungua mlango, hakuinama kuangalia chini, hakuuliza hata kama inawaka. Aliuliza ina kilo ngapi. Nikamwambia ni kama 1,200 na kitu, nikidhani pengine anafikiria mambo ya kuibeba kwa lori, kumbe anapiga hesabu ya chuma kwa kichwa. Alinipa bei ambayo sitaiandika hapa kwa heshima ya mzee. Wa pili alikuwa kijana mzuri tu, mwenye adabu, ila yeye alitaka injini peke yake, ile V8, aitie kwa pikapu yake, na akasema mwili wa gari naweza kumuuzia mtu wa hoteli auweke kwa bustani upandwe maua. Wa tatu anakodisha magari ya harusi. Huyu alikuwa na pesa kweli, lakini alitaka kukata hilo paa la turubai aliondoe kabisa pamoja na vyuma vyake ili bibi harusi asimame nyuma vizuri, alafu apake rangi ya dhahabu. Nilimwuliza mvua ikinyesha je. Akasema harusi ni za Desemba.

Mhariri, sikulala hiyo usiku.

Sasa kuna watu watauliza, kwani hii ni nini, si ni gari tu ya zamani. Wacha nieleze vile ninavyojua. Mustang ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza tarehe 17 Aprili 1964 kwa yale maonyesho makubwa ya dunia ya New York, na siku hiyo ya kwanza peke yake Ford walipata oda zaidi ya 22,000. Chini yake ni vyuma vya Ford Falcon, gari ya kawaida kabisa ya familia, ndio maana bei yake ilianzia dola 2,368 na mwalimu au karani wa Marekani angeweza kuinunua. Mwaka wa 1966, mwaka wa hii yetu, walitengeneza 607,568, na kati ya hizo zilizofunguka juu ni 72,119. Nasema hivi makusudi juu nimeona wauzaji wakidanganya watu ati gari kama hii iko moja duniani. Haiko moja. Kwao Marekani bado ziko nyingi, na wenye kujua magari watakwambia hata gari ya spoti kamili ya Kimarekani ni Corvette, ambayo tangu 1953 ni ya viti viwili na bodi yake ni ya faiba, wakati Mustang ina viti vinne. Sina shida na hiyo. Baba alikuwa na watoto wanne na sote tuliingia.

Lakini hapa kwetu ni hesabu nyingine. Kwa sheria ya kawaida gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza haiwezi kuteremshwa Mombasa, na yenye usukani wa kushoto haisajiliwi. Kwa hivyo hizi chache zilizoingia zamani na wazungu wa mashamba, mabalozi, wafanyabiashara wa Kihindi, ndio hizo basi. Ikitoka moja, hairudi. Ikikatwa moja, hakuna ingine inakuja kuchukua nafasi yake. Mtu akiniambia niiuze haraka nipunguze kichwa kuuma, hilo ndilo ninalofikiria.

Alafu watu wa huku tusijidai hatupendi magari. Joginder Singh alizaliwa Kericho hapa, akashinda Safari Rally 1965, 1974 na 1976, na baba alikuwa anamtaja kama mtu wa ukoo. Wamarekani wenyewe walileta timu nzima ya Mercury Comet kwa Safari ya 1964, na baba alisimama kando ya barabara ya matope kuziona, naamini hapo ndipo aliposhikwa na huu ugonjwa wa V8. Safari iliporudi kwa mashindano ya dunia 2021 ikafanyiwa Naivasha, kaunti yetu hii, watu walilala mlimani kwa baridi wakisubiri vumbi. Nairobi wana yale maonyesho ya magari ya zamani yaliyoanza 1970. Mapenzi yapo. Kitu hakipo ni watu kujua kwamba hizi gari zinauzwa na zinanunuliwa kwa njia yake, si kama Probox.

Sasa niseme gari yenyewe iko vipi, na nitasema mabaya kwanza.

Usukani wake ulihamishwa. Ilitoka kiwandani ikiwa ya kushoto na yule mzungu akaihamisha kulia kabla baba hajaipata. Kazi ilifanywa vizuri lakini ukifungua boneti, kwa ule ukuta wa nyuma ya injini upande wa kushoto utaona kiraka cha chuma pale usukani ulipopita. Mtu wa nje anayetaka gari ya asili kabisa hatafurahi. Mtu anayetaka kuiendesha Nakuru kwenda Kisumu atafurahi sana. Breki za mbele na nyuma ni za dramu, na gari za 1966 zilikuja na masta silinda ya njia moja, yaani paipu moja ikipasuka popote umebaki bila breki, si mbele si nyuma. Kuanzia zile za 1967 waliweka ya njia mbili. Mimi niliogopa ule mteremko wa Salgaa nikaweka ya njia mbili 2016, na ile ya zamani iko kwa sanduku, imefungwa kwa karatasi yenye grisi, inaenda na gari. Rangi si ya kiwandani, baba aliipaka tena 1991, ni nyeupe ile ile lakini ukiangalia kwa jua la saa nane mlango wa kulia umekolea kidogo. Redio imekufa. Saa pia.

Mabaya yameisha, na hakuna mengine nimeficha.

Kutu ndio kila mtu anauliza, na wengi wanaangalia mahali si pake. Wanagonga boneti na milango. Mustang inaoza kuanzia mahali hauoni, pale chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya kuingiza hewa, chini yake kuna kisanduku cha bati kimefungwa pande zote, majani na maji yanaingia humo yanakaa, siku moja unapata maji miguuni kumbe bati liliisha miaka kumi iliyopita. Baba alijua hiyo. Kila msimu wa mvua aliisafisha kwa waya na hewa ya kompresa, na mimi nimeendelea. Ukitaka kujua kama ni nzima usiniulize, beba jagi la maji umwage hapo mwenyewe alafu upige magoti uangalie ndani kama kuna tone. Nyingine ni chini ya milango. Gari isiyo na paa la chuma inategemea zile mbao za bati za pembeni, kiwandani waliziongezea chuma cha ndani ndio gari isijikunje katikati, kwa hivyo zikioza mlango unaanza kushuka. Weka jeki, inua, fungua mlango, funga. Ukifunga kama wa nyumba basi mgongo wa gari ni mzima. Na uje na sumaku, upitishe bodi nzima taratibu. Mahali sumaku inateleza kuna fila, ile ya kuzibia badala ya bati. Utapata mahali pamoja, nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto, saizi ya kiganja, na hiyo ni mimi nilirudi nyuma nikagonga nguzo 2009 na baba hakunisemesha siku tatu.

Baba aliogopa pia lile vumbi jeupe la magadi la ziwani linalopulizwa kiangazi. Sijui kama lingeleta madhara yote aliyosema lakini kila upepo wa Februari gari ilioshwa chini kwa maji safi, na chini yake leo unaweza kusoma alama za kiwandani.

Injini ni ile ya inchi za ujazo 289, kama lita 4.7, kabureta ya Autolite ya midomo miwili, na ikiwa mpya walisema ina nguvu ya farasi 200. Giaboksi ni otomatiki ya gia tatu. Hapa Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, na hewa ni nyepesi, kwa hivyo mtu asitarajie zile farasi 200 zote, karibu moja kwa tano zinapotea kwa mwinuko peke yake. Na hapa kuna kitu ambacho nataka mnunuzi yeyote akijue kabla hajaanza kubishana na mafundi. Kabureta haijui imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli ile ile kwa hewa kidogo, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unatoka, na fundi anakwambia ringi zimeisha tufungue injini. Baba aliweka jeti ndogo, vile vitundu vya kupima petroli ndani ya kabureta, na moshi ukaisha. Lakini tulipokuwa tunateremka Kisumu kumwona dada, Kisumu iko kama mita 1,130, hizo jeti ndogo sasa zinakuwa hazitoshi, hewa ni nzito petroli ni kidogo, gari inachemka na plagi zinakuwa nyeupe kama chaki. Kwa hivyo alikuwa na jeti mbili mbili kwa kikopo cha filamu ya kamera, za Nakuru na za Kisumu, na pale Ahero kabla ya kuingia mji tunasimama chini ya mti, mama anatoa chai na maandazi, baba anabadilisha jeti. Nusu saa. Mimi nilijifunza kabureta hapo nikiwa na miaka kumi na mbili. Kikopo kiko, kinaenda na gari.

Petroli yenye risasi ilipokuwa inaondolewa, maana kufikia Januari 2006 ilikuwa imeisha huku kwetu, baba alitoa silinda hedi zote mbili akazipeleka kwa watu wa mashine wakaweka viti vigumu vya valvu za ekzosti, kwa sababu injini za miaka hiyo zilitegemea ile risasi kulinda valvu. Risiti iko.

Risiti ziko zote, Mhariri. Hili ndilo nilitaka kufikia. Kuna faili mbili za rangi ya kaki, kila kitu tangu 1979, kila oili, kila fenibelti, tarehe na kilomita kwa mwandiko wa baba, na tangu 2014 kwa mwandiko wangu. Mtu akija kuangalia gari mimi humpa faili kwanza na kiti. Kati ya watu kumi na moja waliokuja, ni wawili tu waliokaa wakasoma. Gari ya miaka karibu 60 bila maandishi yake ni rangi tu na bahati, utalipa alafu uanze kugundua. Na hata ukienda kununua kwa mtu mwingine usije kwangu, nakuomba, linganisha namba za chasisi kwa logbuku na kwa chuma chenyewe. Kwa hizi Mustang namba imegongwa kwa bati la ndani karibu na gurudumu la mbele la kushoto, na kuna kibati kingine kwa mlango wa kushoto. Namba inasema mengi ukijua kuisoma, 6 mwanzoni ni 1966, herufi inayofuata ni kiwanda, kama R ni San Jose kule California, alafu 08 ni ya kufunguka juu, alafu C ni hii injini ya 289 ya kabureta ya midomo miwili. Kama namba haina 08 na gari haina paa, mtu aliikata paa kwa grainda, kimbia. Na kama namba ya chuma na ya logbuku hazipatani usitoe hata shilingi ya kushika, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Kitu ingine ni spana. Nati za hii gari ni za inchi. Gereji moja hapa mjini, sitaitaja, niliwaachia gari siku mbili 2017 nikiwa na msiba, nikarudi nikapata nati nne za ekzosti zimekuwa duara. Nusu inchi ni mili 12.7. Fundi anachukua spana ya 13, inashika kidogo alafu inateleza, inateleza tena, anachukua patasi. Seti ya baba ya spana za inchi iko kwa sanduku la mbao alilolitengeneza yeye mwenyewe na hilo sanduku nimekataa kuliuza peke yake mara tatu. Ukichukua gari unachukua sanduku.

Bima nayo, nilijaribu kupata ile kubwa, kampuni niliyoenda wakaangalia mwaka wakacheka kwa upole wakaniambia ni ile ya kulipa mtu wa tatu tu. Kwa hivyo mnunuzi ajue akiigonga ni yake.

Kati ya wale wawili waliosoma faili, mmoja ni kijana wa gereji kule Shabab, hana miaka 25. Alikuja Jumamosi asubuhi, aliniamkia shikamoo mzee, akavua viatu kabla ya kuingia chini ya gari kwa sababu nilikuwa nimetandika turubai safi. Alienda moja kwa moja kwa lile tundu la chini ya kioo na tochi ya simu. Nikamwuliza umejulia wapi. Akasema amesoma tu, hajawahi kuona moja kwa macho. Alifungua buti akanionyesha kwamba juu ya tangi la petroli ndio sakafu ya buti yenyewe, na akaniuliza kama huwa nabeba mizigo yenye ncha. Niliwasha gari, akasimama kando mikono nyuma, akasikiliza mpaka ikapata moto. Hana pesa. Alikuja kuona tu. Nimemwambia aje kila Jumamosi ninapoiwasha na tukiipeleka Lanet na kurudi akae pale mbele, na amekuja wiki saba mfululizo, sasa pointi za distributa anaziseti yeye.

Wa pili aliyesoma faili ni wakala wa mtu wa nje. Huyu anajua kazi, siwezi kusema vibaya, alisoma kila ukurasa na akatoa bei inayozidi ninayotaka. Mimi nataka milioni tatu na laki mbili. Yeye aliongeza laki sita juu, pesa ya benki kwa benki, na kontena iko tayari Mombasa. Huko inaenda usukani utarudishwa kushoto na ataiuza tena. Ndugu zangu walifurahi na wana haki. Tulikaa kikao kwa simu mpaka saa sita usiku, dada yangu akalia, kaka akakata simu akapiga tena. Mwishowe wamenipa mpaka mwisho wa Agosti nipate mtu wa hapa nchini kwa hiyo bei yangu ya milioni tatu na laki mbili, na tofauti ya laki sita itatoka kwa mgao wangu mimi. Nimekubali. Isipopatikana mtu, Septemba inaingia kontena na mimi nitatia sahihi kama wengine.

Ndio maana naandika kwa gazeti lako badala ya kuweka tena picha kwa simu. Gazeti linafika kwa watu ambao hawako kwa yale makundi ya magari, linafika kwa mwalimu mkuu mstaafu kule Kakamega, mtu wa majani chai Kericho, mfanyabiashara wa Oginga Odinga Street Kisumu aliyeona hizi gari akiwa mdogo na akasema siku moja. Huyo mtu yupo, naamini yupo na hajui kwamba iko moja imetunzwa hapa Nakuru chini ya mabati, haijawahi kulala nje hata usiku mmoja tangu 1979. Na kwako Mhariri, ukurasa wenu wa magari kila wiki ni gari mpya za Kijapani na bei ya mafuta, ni sawa, watu wanazihitaji, lakini tuwekeeni hata mara moja kwa mwezi habari za hizi za zamani, ziko wapi, nani anazitengeneza, mafundi wanaojua kabureta wamebaki wangapi kabla hawajaisha. Kuna wazee wamefunika magari kwa magunia huko Molo na Kitale, na watoto wao watakutana na yule broka wa kilo kama mimi nilivyokutana naye, ila wao hawatajua cha kumjibu.

Masharti yangu ni machache. Usiikate. Usiipake dhahabu. Baada ya transfa ni gari yako na siwezi kukufuata, lakini nataka unitazame usoni useme. Malipo ni kwa akaunti ya urithi iliyo kwa majina yetu wanne, na nakala ya hati ya mahakama nitakupa uende nayo kwa wakili wako aihakiki kabla hujatoa chochote. Ukiwa huna fundi, nitakuonyesha kijana wa Shabab. Nimeshamwuliza kama anaweza kuwa anaenda popote gari itakapokuwa, hata kama ni Busia, na amesema atapanda matatu.

Anwani yangu unayo Mhariri, anayetaka kuiona umpe. Jumamosi saa tatu asubuhi huwa naiwasha, aje na jagi lake la maji na sumaku.

Msomaji wako,
Section 58, Nakuru